Milva na Vangelis: sauti ya jukwaani juu ya vinanda vya umeme

Ukimtaja Vangelis, yule mtunzi wa muziki wa Kigiriki, kwa watu wengi ninaowajua wanakuletea filamu mbili tu, Chariots of Fire ya 1981, ile ya wakimbiaji wa Olimpiki, na Blade Runner ya 1982, na wengine wataongeza ule muziki wa filamu ya 1492 wenye kwaya nzito, ambao mi nimeusikia hadi kwenye mahafali watu wakiingia ukumbini na majoho. Ni kazi kubwa hizo, Oscar alipewa, sina ubishi. Ila kazi yake ninayoirudia kuliko zote haina filamu ndani. Ni ile aliyoifanya na mwanamke mmoja wa Kiitaliano mwenye nywele nyekundu na sauti nzito, Milva, na naandika makala hii kwa sababu naona watu wanaipita tu, hata wale mashabiki wa Vangelis wanaojua kila kitu chake, wanaitaja kwa mstari mmoja kisha wanaendelea na filamu zao. Mi naona hapo kuna jambo la kujifunza kuhusu sauti ya mtu na mashine ambalo sijalipata kwingine.

Tuanze na Milva maana huyu ndo huku kwetu hajulikani kabisa. Jina lake Maria Ilva Biolcati, kazaliwa tarehe 17 Julai 1939 Goro, kijiji cha wavuvi mkoa wa Ferrara, pale mto Po unapogawanyika na kumwaga maji baharini. Akiwa bado binti alikuwa anaimba kwenye kumbi za dansi kwa jina la Sabrina, afu 1959 akashinda shindano la sauti mpya la RAI, redio na televisheni ya taifa ya Italia, na kuanzia hapo hakurudi nyuma. 1961 akapanda Sanremo, lile tamasha la nyimbo ambalo Waitaliano karibu wote wanakaa mbele ya tivii kulitazama, akashika nafasi ya tatu. Enzi hizo magazeti yao yalikuwa yanawapa waimbaji wa kike majina ya wanyama, Mina akawa chuimilia wa Cremona, Iva Zanicchi tai wa Ligonchio, na Milva wakamwita chui mweusi wa Goro. Sanremo amepanda mara 15 na hajashinda hata mara moja. Hilo halikumpunguzia chochote, na ukweli ni kwamba kama angeshinda mapema na kuridhika na nyimbo za tamasha tusingempata huyu Milva ninayemzungumzia hapa.

Kwa sababu kilichombadilisha ni tamthilia. Miaka ya 60 Giorgio Strehler, mkurugenzi wa Piccolo Teatro, jumba la maigizo la Milano, alimchukua na kumfundisha nyimbo za Bertolt Brecht, mwandishi wa tamthilia wa Kijerumani, na Strehler hakuwa mtu wa kukuacha uimbe vizuri tu halafu basi. Kwa Brecht mwimbaji hajifichi ndani ya melodi, anasimama mbele ya watu anawaambia jambo, neno lazima lifike, na kama neno linataka sauti mbaya basi unatoa sauti mbaya. 1973 akaigiza kwenye Opera ya Senti Tatu ya Brecht pale pale Piccolo. Tangu hapo, sikiliza wimbo wowote wa Milva utaona tofauti, anaweza kushuka mpaka karibu anaongea, neno linakwaruza, halafu ghafla anafungua kifua na sauti inajaa chumba chote, na ile r yake anaizungusha mpaka unahisi iko karibu na sikio lako. Huko Ujerumani walimpenda sana, pengine kuliko hata nyumbani kwake, na alikuwa anaimba Kijerumani kwa lafudhi yake ya Kiitaliano bila kuificha. Alikuwa anakwenda kwa watunzi wagumu kwa hiari yake. Aliimba kazi za Theodorakis, 1982 akafanya albamu na Franco Battiato na mwaka huo huo akawa kwenye kazi ya Luciano Berio pale La Scala, jumba la opera la Milano, 1984 akapiga tango na Astor Piazzolla mwenyewe kwenye ukumbi wa Bouffes du Nord, Paris. Ukiangalia orodha hiyo huoni mtu anayetafuta wimbo wa redio. Unaona mwigizaji anayetafuta wa kucheza naye.

Sasa Vangelis. Evangelos Papathanassiou, Mgiriki, kazaliwa 1943 Agria karibu na mji wa Volos. Wazee wetu wanamjua bila kujua kwamba wanamjua, kwa sababu kabla ya vinanda vya filamu alikuwa kwenye bendi ya Aphrodite's Child pamoja na Demis Roussos, yule mwenye ndevu na majoho ambaye kaseti zake zilikuwepo hata nyumbani kwetu. Wimbo wao mkubwa ulitoka 1968 wakiwa Paris. Hakuwahi kusoma nota, hakuandika nota, na hakutaka. Kwenye studio yake London aliyoiita Nemo, aliyokuwa nayo kuanzia 1975 hadi 1987, vyombo vyote vilikuwa vimeshaunganishwa na viko tayari kurekodi muda wote, anakaa katikati, anapiga, na mara nyingi alichopiga mara ya kwanza ndicho kinachobaki. Hakuwa mtu wa kukaa kupanga noti moja moja kwenye skrini. Hili watu hawalijui, wakisikia muziki wa elektroniki wanawaza mtu kabonyeza kitufe afu kaenda kunywa chai.

Na hapa niseme kidogo kuhusu kile kinanda chake maarufu, Yamaha CS-80, kwa sababu bila kukielewa huwezi kuelewa kwa nini Milva aliweza kuimba juu ya vyombo vyake. Ni dude la mwishoni mwa miaka ya 70, zito ajabu, zaidi ya kilo 80, huwezi kulibeba peke yako, na likipata joto linapoteza tyuni. Linatoa sauti 8 kwa wakati mmoja. Kwenye vinanda vingi vya umeme vya enzi ile ukibonyeza kibao kwa nguvu au polepole ni yale yale, noti inatoka, ukiachia inakufa. Kwenye CS-80 ukibonyeza kibao noti inaanza, na ukiendelea kukikandamiza kidole kikiwa pale pale chini, ile noti inavimba, au inang'aa, au inaanza kutetema, na ni hiyo noti moja tu, vidole vingine vinne vinaweza kuwa vimeshika noti zao zimetulia kimya. Juu ya vibao kuna utepe mrefu, unaupitishia kidole noti inateleza kwenda juu au chini kama mtu anavyovuta sauti. Kwa hiyo noti moja ina mwanzo wake, ina katikati yake, ina namna yake ya kufa, na vyote viko kwenye kidole cha mpigaji. Mwimbaji anafanya hivyo hivyo kwa pumzi. Vangelis mwenyewe alikisifia hiki kinanda kuliko vingine vyote alivyowahi kupiga, na ukisikiliza zile tarumbeta za Blade Runner zinazoinuka na kulegea taratibu utaelewa alikuwa anamaanisha nini.

Mi nimekulia Tanga, sikio langu limelelewa na taarab ya Black Star na Lucky Star, Shakila anaimba huku nyuma kuna magitaa ya umeme na kinanda badala ya udi na qanun, na nakumbuka wazee waliokuwa wanasema hiyo siyo taarab, umeme umeua. Mi sikuwahi kusikia umeme ukimuua Shakila. Kwa hiyo ile kauli ya kwamba mashine ni baridi na haina roho huwa hainiingii, nikiisikia nauliza tu nani alikuwa anaipiga na alikuwa anamsikiliza nani wakati anapiga.

Turudi kwa wawili wetu. Kukutana kwao kwa kwanza kwenye santuri ni 1981, Milva anatoa albamu ya Kijerumani inaitwa Ich hab' keine Angst, yaani Sina hofu, na wimbo uliobeba jina la albamu muziki wake ni wa Vangelis. Lakini ule muziki ulikuwepo tayari. Ni kipande chake cha 1977 kutoka albamu ya Spiral, To the Unknown Man, karibu dakika tisa bila neno hata moja, chini kuna mdundo wa kinanda unaojirudia bila haraka, juu yake melodi moja rahisi sana inayorudi kila mara ikiwa kubwa zaidi, na mbele huko ngoma zinaingia kwa mwendo wa gwaride. Maneno ya Kijerumani yakawekwa na Thomas Woitkewitsch, ambaye ndiye aliyekuwa anamwandikia Milva nyimbo nyingi za Kijerumani miaka hiyo.

Hebu fikiria kazi aliyopewa huyo mama. Melodi iliyotungwa kwa kinanda haijui kwamba mtu anahitaji kuvuta pumzi. Kidole kinaweza kushika noti mpaka kesho. Hakuna mahali palipoachwa kwa ajili ya kifua, hakuna mahali palipoachwa kwa konsonanti, na Kijerumani kina konsonanti za kutosha. Mwimbaji mwingine angejaribu kushindana na kinanda, kuvuta noti ndefu na kuonesha kifua chake kina hewa kiasi gani, na wimbo ungekuwa mazoezi ya viungo. Milva anaanza chini, karibu anaongea na mtu mmoja tu aliyekaa mbele yake, na pumzi zake hazifichi, anazitumia, anakata sentensi pale maana inapokatika hata kama melodi haijamaliza, na kinanda kinaendelea kushika ile noti nyuma yake mpaka arudi. Wimbo unapopanda naye anapanda, ila unajua anapanda kwa sababu maneno yamefika pagumu, siyo kwa sababu muziki umeongezeka. Hapo mafunzo ya Strehler unayaona waziwazi. Anasema hana hofu na unamwamini, na wakati huo huo unasikia kwamba hofu anaijua vizuri sana.

Baadaye ule wimbo akauimba na kwa Kifaransa pia, na ni mzuri, ila mi nabaki na wa Kijerumani, yale maneno magumu yanamfaa.

Halafu inakuja 1986, na hii ndo kazi yenyewe. Albamu nzima, muziki wa Vangelis, na ikatoka kwa lugha mbili mwaka huo huo, ya Kijerumani inaitwa Geheimnis, ya Kiitaliano Tra due sogni, Kati ya ndoto mbili. Mwaka 1981 Milva alikuwa kama mpangaji aliyeingia kwenye nyumba iliyokwishajengwa, akapanga vitu vyake kwa akili mpaka ikawa kama kwake. Hii ya 1986 imejengwa mwenye nyumba akiwa amesimama pale pale, na tofauti inasikika kuanzia dakika ya kwanza. Muziki unaacha nafasi. Vinanda vinashuka anapoanza mstari, vinajaza anaponyamaza, na mara nyingi ukisikiliza kwa makini na hedifoni nzuri utasikia kinanda kinamfuata yeye kwa nyuma kidogo, nukta tu, kama mpigaji alikuwa anasubiri aone anakwenda wapi. Kuna ile sauti ya kwaya ya vinanda ambayo Vangelis alikuwa anaipenda, ile inayofanya kila kitu kionekane kiko kanisani au kwenye bonde kubwa, na kwenye kazi zake nyingine inaweza kukuchosha. Hapa haichoshi, kwa sababu katikati ya bonde kuna mtu mmoja anayeongea mambo yake, mkavu, karibu, anakwaruza, na bonde lote linageuka kuwa lake.

Sisemi kila wimbo humo ni sawa. Kuna sehemu ngoma zina ule mwangwi mzito wa miaka ya 80 ambao ulikuwa kwenye santuri za kila mtu enzi hizo, na natamani mtu angepunguza. Kuna mahali muziki unakuwa mtamu mno, Vangelis alikuwa na udhaifu huo wa kupenda melodi tamu na kuirudia, ukimpa nafasi anairudia tena. Ila kila anapoanza kuzidisha utamu Milva anatia chumvi, anasema neno moja kwa ukali na wimbo unarudi ardhini. Nadhani ndo maana alimfaa kuliko waimbaji wengi aliofanya nao. Jon Anderson, ambaye walifanya pamoja albamu kadhaa, ana sauti nyepesi ya juu inayopaa pamoja na vinanda, wote wawili wanaelekea mbinguni, na ni nzuri, nazipenda, lakini hakuna wa kumshika mwenzake mguu. Anayekaribia alichofanya Milva ni Irene Papas, mwigizaji wa Kigiriki, aliyeimba na Vangelis nyimbo za kienyeji za Ugiriki kwenye albamu ya Odes ya 1979. Na yeye ni mtu wa jukwaa! Siamini kwamba hilo limetokea tu. Vangelis alikuwa anapiga kwa kuitikia, na mwigizaji ndiye mtu anayekupa kitu cha kuitikia, kila mstari anauleta tofauti, huwezi kujua atautua wapi, lazima umtazame.

Kuhusu zile lugha mbili. Watu wengine wanaona ya Kijerumani ni kwa soko la Ujerumani na ya Kiitaliano ni kwa soko la nyumbani, biashara tu, na bila shaka lebo ilikuwa na hesabu zake. Lakini chukua Geheimnis uisikilize, afu usikilize Tra due sogni baada yake, na utakuta kwa Kijerumani Milva ni mwanamke anayetoa ushahidi mbele ya watu, amesimama wima, kila silabi ina ukingo wake. Kwa Kiitaliano vokali ni nyingi na ndefu, sauti inalegea, anateleza kutoka neno moja kwenda jingine na pumzi zinakuwa ndefu zaidi, na vile vinanda ambavyo kwenye Kijerumani vilionekana kama ukuta nyuma yake sasa vinaonekana kama maji anayoogelea. Nimejaribu kuchagua moja nimeshindwa. Asubuhi nataka ya Kijerumani, usiku ya Kiitaliano. Na hapo ndo unajua muziki ule ulikuwa na nafasi ya kutosha ndani yake, maana muziki uliobana ungevumilia lugha moja tu.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini basi albamu hii haijulikani kama ni nzuri hivyo. Nadhani ilianguka katikati. Mashabiki wa Milva Ujerumani walikuwa na Brecht wao na nyimbo zao za redio, na Waitaliano wengi waliokuwa wanatafuta elektroniki yao walikuwa na Battiato, ambaye alikuwa anacheza na sintesaiza tangu mwanzoni mwa miaka ya 70 na ambaye pia alimtungia Milva, na wimbo wao wa Alexanderplatz ndo unaopigwa mpaka leo. Mashabiki wa Vangelis nao wengi wanataka vinanda bila maneno. Kazi inayohitaji msikilizaji anayependa vyote viwili kwa kiasi sawa haipati wengi. Afu hakukuwa na filamu ya kuisukuma.

Milva aliacha muziki 2010, albamu yake ya mwisho ikiwa tena na Battiato. 2018 Sanremo wakampa tuzo ya heshima ya kazi yake yote, wakati huo afya haikumruhusu, binti yake ndiye aliyekwenda kuipokea. Akafariki Milano tarehe 23 Aprili 2021, Battiato akamfuata mwezi uliofuata, na Vangelis naye akafariki Mei 2022 akiwa na miaka 79. Nilisoma tanzia nyingi za Vangelis siku zile, Kiingereza na Kiswahili, na katika zote nilizosoma jina la Milva sikuliona. Iliniuma.

Kama umefika mpaka hapa na unataka kuanza, fanya hivi. Tafuta kwanza To the Unknown Man yenyewe, ile ya 1977, isikilize yote bila kuruka, uielewe melodi mpaka uweze kuiimba kwa mdomo uliofungwa. Halafu weka Ich hab' keine Angst mara moja baada yake, na jaribu kuimba pamoja naye, hata kama Kijerumani hujui, imba silabi tu, uone pumzi zinakuishia wapi na yeye anazichukua wapi. Baada ya hapo ndo uingie Tra due sogni, mwanzo mpaka mwisho, kwa spika kama unazo maana simu inaua zile sauti za chini zote, na ukiipenda nenda Geheimnis. Video za Milva akiimba kwenye tivii ya Ujerumani miaka hiyo zipo mtandaoni kadhaa, nazo ziangalie, uone anavyotumia mikono, na jinsi anavyomtazama mtu aliye nyuma ya kamera kwenye ule mstari wa kwanza kabla hajapandisha sauti.